Majaribio yanayojiendesha kwenye timu ndogo: mwongozo kamili wa kuanza bila kuachia njiani

Swali hili halikomi: "Tulianza kuandika majaribio ya programu yetu, tukaenda wiki mbili, tukaacha. Tumekosea wapi?" Muulizaji kwa kawaida hujibiwa kwa kutajiwa zana nyingine, akaanze upya nayo, naye huachia palepale alipoachia mwanzo.

Jaribio ninalolisema hapa ni kipande cha msimbo (code) kinachouendesha msimbo wa programu yenu na kukagua kama umetoa jibu sahihi. Timu nyingi huacha kuyaandika kwa sababu tatu. Zilipima msimbo ulio rahisi kupimika, zikauacha ule unaowanyima usingizi. Majaribio yalikaa kwenye laptopu ya mtu mmoja. Na haikupita hata siku moja jaribio likazuia kitu kisiende hewani, yaani kwa watumiaji. Jaribio lisiloweza kuzuia kitu ni pambo, na pambo halina wa kulitunza kazi zikibana.

Nitatumia mfano mmoja kuanzia juu hadi chini: timu ya watu wanne hapa Lamu inayotengeneza mfumo wa kukata tiketi za boti, za Mokowe, za Shela, na zile za Pate ambazo nahodha huzipanga kwa kutazama maji. Abiria analipa kwa M-Pesa, nahodha anaona orodha yake kwenye simu. Timu ni ya kubuni, ila hitilafu zake mtazitambua. Msimbo ni wa Python. Wa PHP au JavaScript atabadilisha majina ya zana tu.

## Vitu vya kuwa navyo kwanza

Hazina moja ya msimbo kwenye Git, zana ya kutunza matoleo ya msimbo. Kama bado mnatumiana mafaili ya zip kwa WhatsApp, au "toleo la mwisho" liko kwenye flashi ya mtu, malizeni hilo kabla ya kuendelea kusoma.

Amri moja ya kuwasha mfumo. Mgeni akiichukua hazina leo, auwashe kwenye kompyuta yake bila kumpigia mtu simu.

Zana ya majaribio ya lugha yenu. pytest kwa Python, PHPUnit kwa PHP, JUnit kwa Java, Jest kwa JavaScript. Chukueni ile inayotumiwa na wengi na mjadala ufungwe siku hiyohiyo.

Mahali pa kuyaendeshea nje ya laptopu zenu. GitHub Actions au GitLab, huduma za mtandaoni zinazotunza hazina na kuendesha majaribio, inatosha. Akaunti ya bure ya GitHub hutoa dakika 2,000 kwa mwezi kwa hazina za siri. Watu wanne wenye majaribio mepesi hawazimalizi.

Daftari la hitilafu. Hamna? Fungueni gumzo la timu na la wateja, rudini nyuma miezi mitatu, mwandike kila "mfumo umegoma" mtakayoikuta, na chanzo chake kama kilijulikana. Katika orodha hii yote hakuna chenye thamani kuliko hiki, na ndicho kinachorukwa kuliko vingine.

Mtu mwenye kauli. Lazima awepo mmoja atakayesema "leo hatupeleki" huku mteja yuko kwenye simu. Kama hayupo, anzeni na hatua ya 8.

## Hatua ya 1: Chagueni panapouma

Gaweni hitilafu za daftari mafungu matatu: zilizopoteza pesa, zilizomwacha mtu gatini, na zilizoudhi tu. Fungu la tatu liwekeni kando.

Kwenye mfumo wa tiketi, mafungu mawili yaliyobaki yatakuwa yanazunguka mambo manne: namba ya simu iliyoandikwa vibaya, saa ya kuondoka, malipo yaliyokatika katikati, na kiti kimoja kuuzwa kwa watu wawili. Hayo manne ndiyo kazi yenu ya mwezi wa kwanza.

Kwa nini msianze na lengo la asilimia, tuseme "majaribio yapitie asilimia 80 ya msimbo"? Kwa sababu mtu akidaiwa asilimia atapima yaliyo mepesi, asilimia ipande, na hitilafu zibaki pale zilipo. Isitoshe, asilimia huhesabu mistari iliyopitiwa tu. Haijui kama jaribio lilikagua jibu. Mnaweza kufika 100 bila kukagua jibu hata moja.

Onyo: msianze na majaribio ya kivinjari, yale yanayobofya vitufe kama abiria. Playwright na Cypress ni zana nzuri, lakini majaribio yake ni ya polepole na huanguka kila muundo wa ukurasa unapoguswa. Timu inayoanzia huko ndiyo inayoacha wiki ya pili. Mawili matatu yataongezwa baadaye, ya njia kuu tu: tafuta safari, lipa, pata tiketi.

Mmefanikiwa iwapo mna orodha isiyozidi mambo matano, kwa maneno ambayo nahodha akisomewa anaelewa.

## Hatua ya 2: Andikeni jaribio la kwanza, liwe dogo

Anzeni na namba ya simu. Huduma ya Daraja ya Safaricom, inayounganisha programu na M-Pesa, hutaka namba ya tarakimu 12 inayoanza na 254. Abiria naye huandika apendavyo: 07, 01, +254, na nafasi katikati.

```python
import pytest
from simu import sawazisha, NambaMbovu

def test_sifuri_ya_mwanzo_inageuka_254():
    assert sawazisha("0700 000 000") == "254700000000"

def test_alama_ya_kujumlisha_inaondolewa():
    assert sawazisha("+254700000000") == "254700000000"

def test_namba_za_01_zinakubaliwa():
    assert sawazisha("0110000000") == "254110000000"

def test_namba_fupi_inakataliwa():
    with pytest.raises(NambaMbovu):
        sawazisha("07000")
```

Majina ni marefu kwa makusudi. Jaribio likianguka, jina lake ndilo la kwanza kuonekana, na `test_namba_za_01_zinakubaliwa` inajieleza hata kwa karani wa tiketi. `test_simu_3` haimwambii mtu kitu. Yaandikeni kwa lugha mnayoongea ofisini.

Kisha haribuni msimbo kwa makusudi. Futeni mstari unaoshughulikia 01, endesheni `pytest`, muone nyekundu (rangi ya jaribio lililoanguka; lililopita ni kijani), mrudishe. Jaribio ambalo hamjawahi kuliona likianguka hamna ushahidi kwamba linaweza kuanguka. Hii inachukua dakika moja, nayo huwanasa hata wazoefu: mara nyingi utakuta jaribio linapita kwa sababu linapima kitu kingine kabisa.

Mmefanikiwa iwapo wote wanne mmeliendesha, kila mtu kwenye kompyuta yake, na jibu likaja kabla hamjaondoa mkono kwenye kibodi.

## Hatua ya 3: Yaendeshwe bila kuombwa

Siku hiyohiyo, mkiwa na hayo manne tu, wekeni faili hili kwenye hazina, mahali paitwapo `.github/workflows/majaribio.yml`:

```yaml
name: majaribio
on:
  push:
  pull_request:
jobs:
  pima:
    runs-on: ubuntu-latest
    steps:
      - uses: actions/checkout@v4
      - uses: actions/setup-python@v5
        with:
          python-version: "3.12"
      - run: pip install -r requirements.txt
      - run: pytest
```

Sasa kila anayepusha msimbo (kuutuma kwenye hazina), majaribio yanaendeshwa kwenye mashine isiyo ya mtu yeyote. Ile hoja ya "kwangu inafanya kazi" haina pa kusimama tena.

Kazi haijaisha. Ingieni kwenye mipangilio mfunge tawi kuu (nakala rasmi ya msimbo), ili msimbo mpya usiunganishwe nalo mpaka majaribio yawe kijani. Hapa pana mtego kwa timu isiyo na bajeti: kwenye mpango wa bure wa GitHub, kufuli hilo linapatikana kwa hazina za wazi tu. Hazina yenu ikiwa ya siri, ama lipieni, ama hamieni GitLab, ambako kulazimisha majaribio yapite kabla ya kuunganisha kumo kwenye mpango wa bure. Msijidanganye kwamba "tutaaminiana". Mtaaminiana mpaka Ijumaa moja saa kumi na moja jioni.

Intaneti ikiwasumbua, ongezeni skripti ya `pre-push` inayoendesha majaribio kwenye laptopu kabla msimbo haujatoka. Iwekeni ndani ya hazina na mwelekeze Git kwa `git config core.hooksPath`, maana iliyo ndani ya `.git/hooks` haisafiri kwenda kwa wenzenu. Ni msaada wa ziada tu. Mtu anaweza kuiruka kwa neno `--no-verify`, na atairuka.

Mmefanikiwa iwapo mmoja wenu amejaribu kwa makusudi kuunganisha msimbo mbovu na kitufe kikamkatalia.

## Hatua ya 4: Saa

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hakuna sehemu inayoonyesha vizuri kuliko hii kwamba jaribio ni mazungumzo na watu walio nje ya chumba chenu.

Nahodha anasema boti inaondoka saa tatu asubuhi. Karani anaandika 3. Mfumo unahifadhi 03:00. Abiria anapata ujumbe wa kuwahi gatini alfajiri kuu, au hapati kabisa kwa kuwa safari "imeshapita". Dawa ni kazi (function) ndogo ya kugeuza saa, na jedwali la majaribio:

```python
@pytest.mark.parametrize("saa, kipindi, jibu", [
    (3, "asubuhi", "09:00"),
    (12, "asubuhi", "06:00"),
    (6, "mchana", "12:00"),
    (12, "jioni", "18:00"),
    (6, "usiku", "00:00"),
    (9, "usiku", "03:00"),
    (11, "alfajiri", "05:00"),
])
def test_saa_ya_kiswahili(saa, kipindi, jibu):
    assert geuza_saa(saa, kipindi) == jibu
```

Angalieni mstari wa "6 usiku". Mara mtu anapouandika, swali linazuka: tarehe inabadilika hapo? "Ijumaa saa nane usiku" ni 02:00 ya siku gani? Kalenda ya kompyuta ina jibu lake. Gatini kuna majibu mengine.

Basi mmoja ashuke akaulize. Mazungumzo yatakwenda hivi:

"Nahodha, ukisema Ijumaa saa nane usiku, abiria aje lini?"

"Alhamisi aswali Isha, mwanangu, alale kidogo, kisha aje. Huo ndio usiku wa Ijumaa."

"Na kijana wako wa tiketi anaelewa hivyo?"

"Huyo huwaambia watu waje usiku wa kuamkia Jumamosi. Kila siku twagombana."

Mmeona? Kwa mzee, siku huanza jua likizama. Kwa kijana, usiku hufuata mchana wake. Boti ni moja, tarehe ni mbili, na hakuna zana yoyote ambayo ingewaambia hili. Suluhisho ni la skrini kabla ya kuwa la msimbo: kwa safari za usiku, karani aulizwe "usiku wa kuamkia siku gani?" Hapo wote wawili watajibu sawasawa. Kisha makubaliano hayo yaandikwe kama jaribio, `test_usiku_wa_kuamkia_ijumaa_saa_nane_ni_ijumaa_0200`, ili programa atakayekuja mwakani asiyageuze kwa kudhani ni kosa.

Kuna tabaka la pili. Seva nyingi, pamoja na zile za GitHub Actions, hutumia UTC, saa ya kimataifa. Kenya iko mbele kwa saa tatu, mwaka mzima. Kwa hiyo safari ya Ijumaa 02:00 Lamu, kwa seva ni Alhamisi 23:00. Orodha ya abiria wa Ijumaa ikichujwa kwa tarehe ya seva, safari hiyo haimo.

Kinachofanya hitilafu hii iwe ngumu kuinasa kwa macho ni bahari yenyewe. Maji kujaa huchelewa kama dakika 50 kila siku, na safari inayofuata maji huchelewa nayo. Itaangukia kati ya saa sita na saa tisa usiku kwa siku tatu nne, itoke, irudi baada ya wiki mbili hivi. Timu italalamikiwa, itatafuta, haitaona kitu, itaandika "imejitengeneza". Jaribio halingoji bamvua.

Fanyeni hivi: msiruhusu kazi yoyote ya hesabu isome saa ya kompyuta yenyewe. Ipewe saa kama kigezo, `orodha_ya_leo(sasa)`, ili jaribio liweze kuiambia "sasa ni Ijumaa 02:00 Lamu". Na kwenye laptopu endesheni `TZ=UTC pytest` mara mojamoja, muone kile ambacho seva itaona.

Wenzetu wa Malindi wanaohudumia hoteli za wageni wa Kiitaliano wana mtego wao wa aina hiyohiyo: 1.500 kwa Mwitaliano ni elfu moja na mia tano, kwa msimbo ni moja na nusu. Mbinu ni ileile. Muulize anayetumia, kisha jibu lake ligeuze jaribio.

## Hatua ya 5: Malipo

Mfumo ukiomba malipo, dirisha la PIN hujitokeza kwenye simu ya abiria, na baadaye Daraja hutuma jibu kwenye anwani mliyoitaja ndani ya ombi. Jibu lina namba ya matokeo. 0 ni kulipwa. 1 ni salio halitoshi. 1032 ni abiria kughairi. 1037 ni simu kutopatikana au mwenyewe kutojibu. Timu nyingi hupima 0 tu, zikaenda kunywa chai.

Pimeni yote manne. Kisha pimeni mengine matatu ambayo hayana namba: jibu lisipokuja kabisa, jibu likija mara mbili, na jibu lenye kiasi kisicholingana na bei.

```python
def test_jibu_likija_mara_mbili_tiketi_ni_moja(hifadhidata):
    pokea_jibu(JIBU_LA_MAFANIKIO)
    pokea_jibu(JIBU_LA_MAFANIKIO)
    assert idadi_ya_tiketi(hifadhidata) == 1
```

Kila ombi la Daraja hupewa utambulisho wake, `CheckoutRequestID`. Hifadhidata ikatae kuurekodi mara mbili, na jaribio la juu litapita. La kiasi kisicholingana lisidharauliwe: anwani yenu ya kupokea majibu iko wazi kwenye intaneti, na mtu akiijua anaweza kuipelekea chochote.

Majaribio haya yasiguse Safaricom. Hifadhini majibu ya mfano kama mafaili ya JSON, yasomwe kutoka hapo. Mazingira ya mazoezi ya Daraja yapo na ni mazuri, lakini yakilala, majaribio yenu yatakuwa mekundu bila kosa lenu. Yaendesheni dhidi ya mazingira hayo mara moja usiku, yasizuie mtu kuunganisha.

Onyo: msichukue majibu halisi ya wateja mkayamwaga kwenye hazina. Yana majina na namba za simu za watu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inawahusu hata mkiwa wanne. Badilisheni namba na majina kwanza.

## Hatua ya 6: Kiti cha mwisho

Watu wawili wanabofya "lipa" kwa wakati mmoja, kiti kimebaki kimoja. Jaribio hili linahitaji hifadhidata halisi, na iwe ya aina ileile iliyo hewani. Kama hewani ni PostgreSQL, msipime kwa SQLite: SQLite huruhusu mwandishi mmoja tu kwa wakati mmoja, hivyo mgongano mnaoutafuta huenda usitokee kamwe. Tumeni maombi mawili kwa pamoja, mkague kwamba mmoja amepata kiti na mwingine ameambiwa boti imejaa. Likipita, lirudieni mara hamsini kabla ya kuliamini.

## Hatua ya 7: Kila hitilafu izae jaribio

Mkishindwa hatua zote, shikeni hii moja. Hitilafu ikiripotiwa, hakuna anayegusa msimbo kabla ya kuandika jaribio linaloanguka kwa sababu ya hitilafu hiyo. Kisha arekebishe mpaka lipite. Ombi la kuunganisha lisilo na jaribio hilo linarudishwa, hata likitoka kwa mkuu wa timu. Hasa likitoka kwa mkuu wa timu.

Sababu ni ya kazi zaidi kuliko ya nidhamu: anayeweza kuandika jaribio linaloanguka ameielewa hitilafu. Asiyeweza anabahatisha.

Msimbo wa zamani usiokuwa na jaribio hata moja una njia yake. Msijaribu kuupima wote. Mtakapolazimika kugusa sehemu yake, kwanza andikeni majaribio yanayorekodi inachofanya sasa, hata kama kinaonekana kiajabu. Nauli ya mtoto ikitoka shilingi 67 na hakuna anayejua kwa nini, jaribio liseme 67. Badilisheni mnachotaka kubadilisha. 67 ikihama bila ninyi kukusudia, mtajua papo hapo. Swali la kwa nini ilikuwa 67 mwulizeni mwenye boti, siku nyingine.

Mmefanikiwa iwapo hitilafu iliyowahi kurekebishwa haijarudi, na daftari linaonyesha hivyo.

## Hatua ya 8: Makubaliano ya watu

Zana zikishakaa, kinachobaki ni tabia. Haya yajadiliwe mkiwa mmekaa pamoja, yaandikwe, yabandikwe.

*Nyekundu inatangulia.* Tawi kuu likiwa jekundu, hakuna anayeongeza kitu kipya. Aliyeleta badiliko analirekebisha. Akiwa hajafanikiwa ndani ya dakika 15, badiliko linarudishwa nyuma, kisha mwenyewe akalitafakari kwa utulivu.

*Hakuna "nani kaivunja?" kwenye gumzo.* Mtu akiaibishwa kwa kuleta nyekundu, atapusha mara moja kwa wiki badala ya mara tano kwa siku, na badiliko la wiki nzima ndilo linaloleta balaa. Swali la kuuliza ni "nini kimebadilika?"

*Ukaguzi wa msimbo uanze na jaribio.* Lisomeni kwanza. Likiwa halieleweki, hamna haja ya kuusoma msimbo.

*Jaribio limo ndani ya kazi.* Mkimwandikia mteja makadirio, msiweke mstari wa "majaribio, siku tatu". Huo ndio mstari wa kwanza atakaoukata. Kazi ya malipo ni siku nane, na majaribio yamo.

*Msimwachie mtu mmoja.* Kuajiri mpimaji ni jambo jema, lakini wengine wakimfanya dampo la kumtupia msimbo, mmerudi mlikotoka. Kazi yake bora ni ile ya kushuka gatini kuuliza maswali.

Bosi asiyeamini msimhubirie. Chukueni hitilafu tatu kutoka kwenye daftari, mwandike mbele ya kila moja saa mlizotumia, pesa mlizorudisha na simu mlizopokea. Mwambieni: "Bosi, hizi tatu zingenaswa na majaribio ya siku mbili. Tupe hizo siku mbili." Ombeni kidogo, mpate, muonyeshe matokeo, ndipo muombe tena.

Mwanafunzi wa atachimenti apewe hitilafu moja ya zamani siku ya kwanza, aiandikie jaribio. Ataujua mfumo haraka kuliko kwa kusoma nyaraka, ambazo tunajua hazipo.

Na jambo moja ambalo kijani haiwezi kuwafanyia: wiki ya Maulidi mji umejaa wageni na boti hazipumziki. Hiyo si wiki ya kubadilisha msimbo wa malipo, hata majaribio yote yakipita.

## Hatua ya 9: Vigeugeu na wazembe

Baada ya miezi michache litatokea jaribio linalopita leo, linaanguka kesho, na hakuna aliyegusa kitu. Google yenyewe ilieleza mwaka 2016 kwamba karibu asilimia 16 ya majaribio yake yalikuwa na ugeugeu wa kiasi fulani, hivyo msijione mmelogwa. Hatari iko kwenye tabia inayofuata: mtu anaona nyekundu, anasema "hilo huwa hivyo," anaendesha tena. Mwezi mmoja wa hivyo na hakuna anayeiamini nyekundu yoyote.

Sababu huwa zilezile: saa halisi ya kompyuta, mtandao, majaribio mawili yanayoshirikiana data, au `sleep` iliyowekwa kwa kukisia. Rudini hatua ya 4 na ya 5; nusu yatakwisha huko. Kigeugeu kikitokea, siku hiyohiyo kitolewe kwenye kundi linalozuia kuunganisha na kiwekwe kwenye orodha yenye jina la mtu. Wiki ikipita hakijatengenezwa, kifutwe.

Kasi nayo ilindwe. Kundi zima linalozuia kuunganisha lisizidi dakika 10; likizidi, watu huanza kazi nyingine wakisubiri na hawarudi kuangalia. `pytest --durations=10` itawaonyesha majaribio kumi mazembe kuliko yote. Mara nyingi mawili au matatu ndiyo yanayokula muda wote, na ya kivinjari huwa mstari wa mbele. Yapelekeni usiku.

Kufuta kusiwe mwiko. Njia ya Shela ikibadilishiwa bei na utaratibu mzima, majaribio ya utaratibu wa zamani yaondoke nayo. Kwenye ujumbe wa Git andikeni sababu kwa mstari mmoja, maana atatokea mtu wa kuuliza yalikwenda wapi.